Umesajiliwa daraja la saba: namna ya kupata kazi zisizokatika

Siku niliyochukua cheti cha ukandarasi wa majengo, daraja la saba ambalo ndilo la chini kabisa, nilipitia kwa fundi wa fremu kabla ya kufika nyumbani. Nikakitundika ukutani kwenye chumba nilichokodi kiwe ofisi, hapa Morogoro, nikakaa kusubiri simu. Miezi minne ikapita bila mtu kunipa kazi, na kodi ya chumba inadaiwa. Nilikuwa na stashahada ya ujenzi, nilikuwa nimesimamia saiti za watu kwa miaka tisa, lakini kutafuta kazi kwa jina langu mwenyewe hakuna aliyewahi kunifundisha. Mwongozo huu ni wako wewe uliyetoka Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) na karatasi mkononi, usije ukaipoteza miezi kama niliyoipoteza mimi.

Nikwambie mapema ninachoamini. Kazi za kudumu hazipatikani kwa kushinda zabuni moja kubwa. Hushonwa kama mkeka, ukili kwa ukili: ukili wa kazi ndogo za watu binafsi, ukili wa kazi unazopewa na mkandarasi aliyekutangulia, ukili wa zabuni za serikali. Ukitegemea ukili mmoja, siku ukikatika unalala chini. Na uzi unaoshona vyote hivyo ni pesa ya kukuvusha kutoka malipo haya hadi malipo yale. Wengi wa tuliosajiliwa nao mwaka mmoja hawakuanguka kwa kukosa kazi. Walianguka katikati ya kazi.

Hatua ya 1: Karatasi zikae tayari

Sitakaa sana hapa, lakini usiiruke. Mteja wa maana hukuambia "lete nyaraka leo jioni", na anayeanza kuzitafuta siku hiyo ameshachelewa. Cheti cha CRB na risiti ya ada ya mwaka, leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipakodi), hati ya kutodaiwa kodi, usajili wa NSSF (hifadhi ya jamii), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na OSHA (usalama na afya kazini), mashine ya EFD ya kutoa risiti. Vyote viskani, viweke kwenye simu na kwenye barua pepe, kila kimoja kwa jina lake.

Ada ya mwaka ya CRB ilipe mapema hata kama hujapata kazi. Bodi hufuta usajili wa wasiolipa, na kurudi huko ni gharama kuliko ada yenyewe. Michango ya WCF ni asilimia 0.5 ya mishahara unayolipa, kiasi kidogo sana ukilinganisha na siku kibarua anapoanguka kwenye jukwaa huna pa kumpeleka.

Kumbuka pia kuwa cheti kinasema aina ya kazi na daraja. Madaraja ni saba, na kila moja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya mkataba mmoja. Uliyesajiliwa majengo usikubali kuchonga barabara kwa sababu tu jirani ana pesa, na usikubali mkataba unaozidi kikomo chako kwa kuukata vipande viwili. Saiti yoyote utakayofungua isajili Bodi, na bango la mradi lisimame siku ya kwanza. Bango hilo ni tangazo la bure. Kazi yangu ya tatu niliipata kwa mtu aliyesoma namba ya simu kwenye bango akiwa kwenye daladala.

Hatua ya 2: Chagua eneo na aina ya kazi

Nilipoanza nilijiita mkandarasi wa kila kitu. Watu hawamkumbuki mtu wa kila kitu. Wanamkumbuka yule wa vyoo, yule wa paa, yule wa uzio.

Zunguka wilaya yako kwa wiki mbili. Angalia shule, zahanati, nyumba za wageni, makanisa, misikiti, maghala, mabweni. Jiulize ni kitu gani kinaharibika kila mwaka na hakuna anayekitengeneza vizuri. Kazi nyingi za madarasa mapya kwenye halmashauri hufanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani taasisi inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi tu. Wengi wetu tunaulalamikia utaratibu huo, na malalamiko yana haki yake, lakini hayalipi vibarua Jumamosi. Mimi nilitazama upande mwingine: majengo yaliyokwisha kujengwa na sasa yanavuja.

Paa ndilo lililonitoa. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na moja alinipigia baada ya kuambiwa na muuza bati. Nilipofika akanionyesha doa kwenye dari la chumba namba nne.

"Mwanangu, mafundi watatu wameshapaka lami hapo juu. Mvua ikinyesha, ndoo."

Niliomba ngazi nikapanda. Palipopakwa lami palikuwa pazima kabisa. Nikapanda mpaka kwenye gata la katikati, pale mapaa mawili yanapokutana, nikakuta bati la gata limekunjwa kidogo mno pembeni, majani ya mwembe yamejaa, maji yakituama yanafurika chini ya bati. Yakishaingia yanateremka na mbao ya kenchi mita tatu nzima, ndipo yanadondoka chumba namba nne. Na misumari ya bati nusu yake ilipigwa bondeni badala ya mgongoni.

"Mama, paa halivuji pale maji yanapodondokea. Njoo nikuonyeshe kwenye picha."

Nilimwonyesha picha saba kwenye simu, nikamwandikia kazi ya siku mbili: kubadilisha gata, kung'oa misumari ya bondeni na kuziba matundu, kurudishia kofia. Haikuwa pesa kubwa. Masika ikaja, chumba namba nne kikakaa kikavu. Mwezi wa saba akanipa ukarabati wa vyoo vyote kumi na moja. Baada ya hapo akanitaja kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa lake. Kutoka kwenye gata moja nilipata kazi za miezi kumi na nne.

Ninachokuomba ukichukue hapa ni zile picha. Piga picha kabla, wakati, na baada, kila kazi, hata ya kubadilisha bawaba. Anayekuajiri hawezi kupanda juu ya paa. Picha ndiyo macho yake.

Hatua ya 3: Kazi za watu binafsi, ukurasa mmoja wa mkataba

Watu wetu hujenga kwa hatua: msingi, kisha boma, kisha kupaua, kisha kumalizia. Tumia hatua hizohizo kwenye mkataba. Ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, kwa ramani gani, nani ananunua vifaa, bei, malipo kwa kila hatua, siku ngapi, na nini kitatokea mteja akibadilisha mawazo katikati. Hilo la mwisho ndilo huvunja urafiki. Mteja akisema "hapo ongeza dirisha", jibu lako liwe, "Sawa mzee, nakuandikia bei yake jioni hii, ukikubali kesho tunaanza." Ujumbe wa WhatsApp wenye jibu la "nimekubali" unakusaidia, ila saini kwenye karatasi ni bora.

Usianze hatua inayofuata kabla ya kulipwa iliyopita. Sisemi uwe mgumu kwa watu. Nasema ukishapaua kwa pesa yako mwenyewe, huna tena cha kumkumbusha mteja.

Kuna kundi la wateja ambalo makandarasi wadogo hatulitazami vya kutosha: Watanzania walioko nje, Muscat, Dubai, Uingereza, Marekani, wanaojenga nyumbani kwa kutuma pesa. Karibu kila mmoja ana kidonda. Pesa ya saruji ililipia harusi, au alitumiwa picha za nyumba ya mtu mwingine. Hawa hawatafuti fundi wa bei ya chini. Wanatafuta mtu mwenye cheti kinachoweza kuhakikiwa Bodi, na mtu atakayewaonyesha ukweli kila wiki.

Kwa mteja wa namna hiyo mimi hufanya hivi. Kila Jumamosi saa kumi jioni nasimama kwenye kona ileile ya kiwanja, napiga picha ileile, ili aone ukuta unavyopanda. Natuma video ya dakika moja nikitembea ndani bila kukata. Natuma picha za risiti za EFD za wiki hiyo, na chini yake mstari mmoja wa hesabu ya ghala: saruji iliingia mifuko 120, imetumika 86, ipo 34. Halafu naiandika kasoro ya wiki kwa mkono wangu mwenyewe kabla hajaiuliza: nondo zimechelewa, tofali kumi na tano zimevunjika wakati wa kushusha. Mteja wangu wa kwanza wa Oman aliniambia hesabu zote zilizonyooka hazikumshawishi. Alianza kuniamini wiki niliyomwambia nimekosea kipimo cha shimo la maji taka na nitalirudia kwa gharama yangu. Ameshanipa wenzake wawili.

Pesa ya kila mteja wa nje iwe na akaunti yake ya benki, hata kama salio ni dogo. Usichanganye.

Hatua ya 4: Jifunze kupiga bei mpaka uumwe kichwa

Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nitakaa.

Zabuni yangu ya kwanza ilikuwa matundu kumi na mawili ya vyoo vya shule, kilomita 38 kutoka mjini. Niliweka bei ya mchanga na kokoto kama ninavyonunua mjini. Sikuhesabu maji, na kule maji yalikuja kwa boza. Nilishinda kwa bei ya chini, nikafurahi, nikamaliza kazi kwa ubora, nikauza pikipiki yangu kulipa mafundi. Shule ilipata vyoo vizuri. Mimi nilirudi nyuma mwaka mzima.

Tuchukue kitu kimoja tukikokotoe pamoja: mita moja ya ujazo ya zege la 1:2:4, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Vifaa vikichanganywa na maji hunywea, mchanga unaingia kati ya kokoto, saruji inaingia kati ya mchanga. Ili upate mita moja iliyokamilika unahitaji takribani 1.54 za vifaa vikavu. Gawa kwa saba. Unapata saruji 0.22, ambayo kwa uzito ni kama kilo 317, yaani mifuko 6.3 ya kilo 50. Weka 6.5, kwa kuwa lazima kitamwagika kidogo. Mchanga ni 0.44 na kokoto 0.88, weka 0.45 na 0.9.

Sasa tia bei. Hizi ni za mfano tu, zako zipige simu leo, tena kwa kufikishwa saiti na si kwa kuchukuliwa dukani. Saruji 6.5 kwa sh. 17,000 ni 110,500. Mchanga 0.45 kwa 30,000 ni 13,500. Kokoto 0.9 kwa 70,000 ni 63,000. Jumla ya vifaa sh. 187,000. Ongeza vibarua, mikisa ya kuchanganyia zege, vaibreta ya kulishindilia, mafuta na maji, tuseme 45,000. Tumefika 232,000.

Wengi huishia hapo, wanaandika 235,000 kwenye BOQ, yaani jedwali la vipimo na bei za kazi, na kudhani wamepata faida. Lakini bado hujalipa mlinzi, nauli zako za kwenda na kurudi, simu, ada ya Bodi, kodi ya ofisi, chapisho la nyaraka, siku mbili za mvua ambazo mafundi wamekaa na lazima wale. Mimi huweka asilimia 12 kwa hayo: inakuwa 259,840. Halafu faida ya asilimia 10: 285,824. Tofauti kati ya 232,000 na hiyo ni karibu sh. 54,000 kwa kila mita. Kwenye kazi ya mita 20 za zege tu, ni zaidi ya milioni moja. Hiyo milioni ndiyo pikipiki yangu.

Fanya hesabu hiyo kwa kila mstari wa BOQ: kuchimba msingi, tofali, lipu, kupaua, rangi. Mara ya kwanza itakuchukua wiki. Ukishaijenga kwenye jedwali la kompyuta, mara ya pili ni kubadilisha bei tu. Kama kuna kijana mkadiriaji majenzi anayeanza kazi, mlipe akukague. Na kila mara uliza kama bei inayotakiwa ni pamoja na VAT au bila VAT, kwani asilimia 18 ikikosewa hakuna faida inayoweza kuifidia.

Hatua ya 5: Ingia NeST, na uingie mapema

Tangu 2023 zabuni za umma Tanzania zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Hakuna tena kuzunguka na bahasha. Jisajili, kisha jaza wasifu wa kampuni mpaka mwisho: wataalamu wako na vyeti vyao, vifaa, kazi zilizopita, taarifa za fedha. Wengi huacha wasifu nusu wakisubiri zabuni itangazwe. Zabuni ikitangazwa siku ni chache, na mtandao unazidiwa siku ya mwisho. Mimi hutuma siku mbili kabla.

Kalenda ndiyo siri iliyo wazi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Taasisi hutangaza mipango yao ya ununuzi mwanzoni mwa mwaka huo. Isome mipango ya halmashauri yako, ya TARURA (barabara za vijijini na mijini) mkoa wako, ya RUWASA (maji vijijini), ya vyuo na hospitali. Andika kwenye daftari: kazi gani, robo ya ngapi. Ukifika mwezi wenyewe, uwe umeshaitembelea saiti na unajua kokoto inatoka wapi.

Kwa walio kwenye ujenzi wa barabara, nawaonea wivu kidogo. Barabara zinatengenezwa kila mwaka. Kuna matengenezo ya kawaida, ya maeneo korofi, na ya muda maalumu. Kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na makalavati, kuziba mashimo: kazi hizi ni ndogo na zinarudi baada ya kila masika. Anayezifanya vizuri mwaka wa kwanza ana picha na barua za kuonyesha mwaka wa pili.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetupa nafasi Watanzania, kwani kazi za ujenzi zisizozidi sh. bilioni 50 zimetengwa kwa kampuni za ndani. Kuna pia asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi inayotengwa kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kama unastahili, soma masharti ya kusajiliwa kwenye kundi na uyafuate.

Soma nyaraka za zabuni mara mbili. Mara ya kwanza tafuta sababu ya kutoiomba: uzoefu wanaoutaka huna, mtaji wanaoutaka huna, muda hautoshi. Ukiipata, iache. Mara nyingi kwenye kazi ndogo utatakiwa kusaini tamko la dhamana ya zabuni badala ya kuleta dhamana ya benki. Watu hulisaini kama fomu ya kawaida. Ukishinda halafu ukakataa mkataba kwa kuwa uliweka bei ya kufa, tamko hilo linaweza kukufungia usishiriki zabuni za umma. Kwa hiyo rudi hatua ya nne kabla ya kubonyeza kitufe.

Na kuna hili la "asilimia kumi". Utakutana na mtu atakayekuambia kazi ipo ila kuna utaratibu. Nimeshaombwa, nikakataa, nikaikosa kazi, na iliniuma. Ila nenda kwenye hesabu yetu ya zege: faida yote ni asilimia 10. Ukiitoa, utaiba saruji kwenye darasa la watoto ili uishi. Namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi pesa.

Hatua ya 6: Fanya kazi chini ya mkandarasi mwingine

Baadhi wanaona aibu kuchukua kazi ndogo ndani ya mradi wa mwingine. Mimi nimekula miaka miwili kwa kupaua nyumba za watumishi chini ya mkandarasi wa daraja la tatu. Nenda ofisini kwake na picha zako, mwambie kitu kimoja unachokifanya vizuri, na bei yake kwa mita. Usiseme "kazi yoyote mkuu".

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni mtu unayemheshimu kama baba. Sharti la kuliangalia ni lile la "nitakulipa nikilipwa". Likiwemo, omba angalau vibarua walipwe kila wiki bila kujali mwajiri mkuu amelipa au hajalipa. Mkongwe mmoja niliyemwomba hivyo alinitazama kwa muda, akasema, "Kijana, wewe utafika." Akakubali.

Jiunge pia na chama cha makandarasi cha fani yako, na uhudhurie kozi na mikutano ya CRB. Vyakula vya pale si hoja. Kazi zangu mbili za ubia zilianzia kwenye foleni ya chai.

Hatua ya 7: Pesa ya kukuvusha

Tuseme umeshinda kazi ya sh. milioni 60, umepewa malipo ya awali ya asilimia 15, yaani milioni 9. Umefanya kazi ya milioni 20, mhandisi amepima, hati ya malipo imeandikwa. Utapokea ngapi?

Ritensheni, ile inayozuiwa mpaka kazi ikamilike na kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro, kiishe, tuseme asilimia 10: inaondoka milioni 2. Kurejesha malipo ya awali, asilimia 15: inaondoka milioni 3. Kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, ni asilimia 5 ya sehemu ya huduma, na kwa kazi za ujenzi vifaa huhesabiwa sehemu tatu na huduma sehemu mbili, hivyo ni asilimia 2 ya hati nzima: inaondoka laki nne. Mkononi inakuja milioni 14.6. Mikataba mingi huandika siku 28 za kulipa. Nimewahi kusubiri miezi mitano.

Mkandarasi mpya anaiona milioni 20 kichwani na kutumia kama anayo. Chora jedwali la wiki kwa wiki kabla ya kusaini: pesa gani inatoka wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ile ya malipo. Pale linapokwenda chini ya sifuri ndipo unapotakiwa kujua mapema nani atakubeba.

Wanaoweza kukubeba ni watatu. Wa kwanza ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nunua kwake taslimu mara tatu, mara ya nne omba siku 30, na siku ya 29 mpelekee pesa hata kama unakopa pengine. Wa pili ni Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya CRB, unaotoa dhamana za zabuni na za malipo ya awali kwa makandarasi wadogo. Jiunge kabla hujauhitaji. Wa tatu ni benki, na benki itataka kuona mzunguko wa akaunti, kwa hiyo acha kulipwa mkononi.

Ile kodi ya zuio usiisahau huko. Dai cheti chake kila inapokatwa, kwa sababu inapunguza kodi yako ya mwaka. Nimeona wenzangu wakilipa mara mbili kwa kukosa karatasi hizo.

Mafundi wako wa msingi wawe wachache, mimi nina watano: waashi wawili, wa nondo, wa mbao, na wa bomba. Hao walipwe Jumamosi saa kumi, kazi iwepo au isiwepo ya kutosha. Vibarua wengine waje na kuondoka na kazi. Siku mteja anapokupigia ghafla, ni hao watano wanaokufanya useme "kesho asubuhi tupo".

Hatua ya 8: Kukabidhi

Siku ya makabidhiano fagia saiti mpaka mlangoni. Ondoa mirunda, vifuko vya saruji, misumari. Jaribu kila bomba na kila kitasa mbele ya mteja, mwandikie kwenye karatasi jinsi ya kusafisha gata na mwezi gani. Omba cheti cha kukamilisha kazi siku hiyohiyo, na nusu ya ritensheni kama mkataba unavyosema.

Kisha weka kwenye kalenda ya simu yako mwezi mmoja kabla ya matazamio kuisha. Siku hiyo rudi bila kuitwa. Nenda na ngazi, fundi mmoja na galoni ya rangi iliyobaki. Ziba nyufa za lipu, kaza bawaba, zibua gata. Wakati fundi anafanya, wewe kaa na mwalimu mkuu au mwenye nyumba, muulize mwaka ujao wamepanga kujenga nini. Ukitoka hapo pitia kwa mhandisi aliyeisimamia kazi, chukua barua ya kuachiliwa ritensheni iliyobaki, na nyingine ya kueleza ulivyofanya kazi. Zote mbili ziskani jioni hiyo, uzipandishe kwenye wasifu wako wa NeST kabla hujalala.